Punda Anafanya Nini Kwenye Picha za Harusi?



Tangu niweke zile picha za harusi ya wifi yangu hapa Bububu, simu yangu haijapumzika. Nusu yenu mnauliza gauni limeshonwa wapi (nitawaandikia, nipeni wiki moja). Nusu nyengine mnauliza swali moja tu: yule farasi mweupe mashaAllah anapendeza, lakini punda nyuma yake anafanya nini? Mmoja wenu kaniambia kwa upole kabisa kwamba siku hizi zipo programu za simu za kumfuta asiyetakiwa kwenye picha.

Shoga yangu, punda yule hafutwi. Bila yeye, farasi asingekuwepo harusini, na huenda asingekuwepo shambani kwetu kabisa. Leo nawapa kisa chake, kisha nitasema neno na mabibi harusi, kwa sababu kisa hiki kimenifunza jambo ambalo hata somo wangu hakunigusia.

Johari na Sultani

Baba mkwe wangu ana shamba la minazi na miembe upande wa juu wa barabara, mbali kidogo na kelele za daladala za 502. Miaka michache iliyopita alinunua farasi wawili kwa mgeni mmoja aliyekuwa akipandisha watalii ufukweni na sasa anarudi kwao. Mmoja ni jike mweupe, Johari. Wa pili ni dume la kahawia, mtu mzima kuliko Johari, jina lake Sultani. Baba aliwanunua kwa mapenzi tu. Mara moja moja walikodiwa kwenye maharusi, na fedha hizo ndizo zilizolipia pumba zao.

Mimi niliingia hapa kama bibi harusi kutoka Wete, kwenye nyumba ya watu kumi na mbili. Mume wangu anafanya kazi kwenye boti za mizigo, na siku nyingi za wiki yuko baharini. Nyumba yetu imo ndani ya shamba, na dirisha la jiko langu linatazama banda. Kwa hiyo niliwajua Johari na Sultani kabla sijawajua majirani.

Nilikuwa nikiwatazama huku nakuna nazi. Mchana wa jua kali walisimama ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kila mmoja akimfukuzia mwenzake inzi usoni. Jioni walikunana kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo, taratibu, kama wanawake wanaosukana nywele barazani.

Mwanzoni mwa Shaaban Sultani alishikwa na msokoto wa tumbo. Maradhi haya humuua farasi haraka, kwani farasi hana uwezo wa kutapika, na kilichomo tumboni hakina njia ya kurudi. Alianza kujigaragaza adhuhuri, na kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha. Baba na vijana wawili walimzika chini ya mwembe.

Majeraha ya miguuni

Siku mbili Johari alilia. Anaita kwa sauti, kisha ananyamaza, masikio yamesimama, anasubiri kujibiwa. Asipojibiwa anaita tena. Siku ya tatu aliacha kuita na akaanza kutembea. Alifuata ua kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka ukoka ukafa na udongo ukaonekana. Pumba alizionja na kuziacha.

Ilipofika katikati ya mwezi tukaona majeraha kwenye miguu yake ya mbele, mbele ya vifundo, juu kidogo ya kwato. Tukiyaosha na kuyatia dawa, baada ya siku mbili yamechubuka tena. Baba akaondoa mawe yote bandani. Majeraha yakaendelea. Bibi mmoja jirani alisema ni jicho la watu, asomewe. Kusoma tulisoma, kwani Qur'ani ni shifaa wakati wote. Baba akamwita pia daktari wa mifugo.

Daktari alimtazama Johari muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Huyu analala?"

"Farasi hulala kwa kusimama, daktari," Baba akamjibu. "Kila mtu anajua."

Daktari akasema ni kweli, lakini si kweli yote. Farasi anaweza kufunga magoti yake na kusinzia wima. Usingizi huo ni mwepesi. Uko usingizi mwengine, ule mzito, ambao viungo vyote hulegea, na huo hawezi kuupata mpaka alale chini. Haombi mwingi: nusu saa hadi saa moja kwa siku, tena kwa vipande vifupi. Lakini akiukosa siku nyingi, utamnyakua hapo hapo aliposimama. Magoti yanamkatika, anaanguka kwa mbele, anagutuka na kusimama tena. Kila akianguka anachubua vifundo.

"Na kwa nini halali chini?" nikauliza.

"Kwa sababu hana wa kumlinda."

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Silaha yake ni mbio, na aliyelala chini hawezi kukimbia. Kwa hiyo katika kundi, wengine wanapolala, mmoja hubaki amesimama macho, na baadaye hubadilishana. Aliye peke yake ni mlinzi wa usiku kucha, kila usiku.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Usiku ule niliamka kupika daku, na kabla sijawasha taa ya jiko nilitazama dirishani. Mbalamwezi haikuwapo lakini Johari ni mweupe, anaonekana. Alikuwa amesimama katikati ya banda. Kichwa kikashuka, kikashuka, pua ikakaribia kugusa chini, mara magoti yakamtoka. Akagutuka, akanyanyua kichwa, akatazama huku na huku. Baada ya muda ikawa vile vile tena. Nilimwita mume wangu, siku hiyo yuko nyumbani, tukasimama wote wawili kimya kwenye kiza. Nilikuwa na miezi mitatu katika nyumba ile, na siku ambazo yeye yuko baharini nami nilikuwa nalala taa inawaka, nikisikiliza kila nazi inayoanguka. Sikuhitaji kufasiriwa nilichokiona.

"Johari na punda!"

Nyumbani likawa shauri. Kununua farasi wa pili haikuwezekana. Bei yao hatuiwezi, na harusi ya wifi ilikuwa inakuja. Farasi visiwani ni wachache na hawajawahi kuwa wengi. Pwani yetu ina joto, na wako visubi wanaoeneza maradhi ya kuwaua farasi yasiyo na dawa ila chanjo. Mbung'o nao, wanaoleta nagana kwa ng'ombe na farasi, walikuwa Unguja hadi miaka ya 1990. Kisiwa kilisafishwa kwa kuachia mbung'o madume waliofanywa tasa, na mwaka 1997 kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Ndiyo maana kwetu mwenye farasi mara nyingi ana mmoja tu, na anayemwona humwona ni pambo, hamuoni ni mpweke.

Njia ya pili ilikuwa kumuuza Johari kwa watu wa kaskazini wenye farasi wengi wa ufukweni. Baba alikuwa ameshaanza kuukubali uamuzi huo, na macho yake yalikuwa mekundu si kwa saumu. Daktari ndiye aliyetoa njia ya tatu: "Mtafutieni punda."

Baba alichukia. "Johari na punda!"

Mama mkwe wangu, ambaye si msemaji, aliendelea kuchambua mchele wake. Kisha akasema, "Na kwetu walisema hivyo hivyo juu yako, na tumekaa miaka thelathini na sita."

Punda akatafutwa.

Na kwa haki, kwenye barabara yetu hii farasi na punda ni jamaa wa zamani. Ukitoka Bububu kwenda mjini unapita magofu ya Mtoni, jumba la Sayyid Said. Hapo ndipo alipozaliwa binti yake Salme, mwaka 1844, ambaye baadaye naye aliishi hapa Bububu kwa muda. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1886 anaeleza jinsi watoto wa jumba lile walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Wavulana walichagua farasi kwenye mazizi ya baba yao; wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati. Na Sayyid Said mwenyewe alipompelekea zawadi rais wa Marekani mwaka 1840, kwa jahazi la Sultana chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, katika zawadi zile walikuwamo farasi wa Kiarabu, na walikuwa wawili.

Bi Mkubwa anaingia

Punda wetu ni jike mtu mzima aliyekuwa akivuta gari la mchanga. Watoto wa shambani walimpa jina la Bi Mkubwa siku ile ile, kwa jinsi anavyotazama watu. Daktari alisema tusimtie bandani moja kwa moja. Kwanza apewe dawa ya minyoo, kwa sababu punda anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila kuonesha dalili yoyote, na farasi akiipata anakohoa sana. Kisha wakae siku kadhaa ubao katikati, waonane na kunusana.

Siku ya kwanza Johari alipiga kelele na kurusha mguu. Bi Mkubwa akampa kisogo, akaendelea kula. Siku ya nne walikuwa wanakula kila mmoja upande wake, lakini pua zinakaribiana. Siku ya nane tukatoa ubao. Waswahili tunasema fadhila za punda ni mateke, na kweli Johari alipata moja la kumkumbusha kuwa pumba za mwenzake haziguswi. Baada ya hapo pakawa na amani.

Zimebaki siku tatu kabla ya Idi, baada ya sala ya alfajiri, nilisikia mlio wa Baba. Niliwahi dirishani. Johari alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, shingo yote iko chini. Baba anakimbia na kanzu ameishika mkononi, anasema "Innalillahi". Alipofika uani akasimama ghafla, akainua mkono kutuzuia sote tusipige kelele. Ubavu wa Johari ulikuwa unapanda na kushuka. Mdomo unatetema, kwato moja inacheza, kama mtoto anayeota. Na juu yake amesimama Bi Mkubwa, masikio wima, anatutazama sisi.

Baba alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Majeraha ya Johari hayakurudi tena.

Sasa mmejua. Siku ya harusi tulijaribu kumtoa Johari peke yake. Alifika getini akagoma, akageuza shingo na kuita. Bi Mkubwa akajibu kwa ule mlio wake ambao mtaa mzima unaufahamu. Wifi yangu mwenyewe, na hina yake mikononi, akasema, "Mleteni na huyo. Si harusi?"

Wao ni umma

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa upande wa dini. Katika Sura Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Aya hii nimeisikia tangu chuoni, lakini neno "umma" lilikuwa likinipita. Umma hauwi mmoja. Kama Muumba wake amemwita umma, basi kumpa maji, majani na banda zuri ni sehemu ya haki yake, na wenzake ni sehemu nyengine.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa akiishia kwenye tumbo la mnyama. Abu Dawud amepokea kisa cha ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anapapatika. Mtume aliuliza nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Ndege yule hakuwa na njaa. Alikuwa na huzuni, na huzuni ile ilitosha kuamrishiwa watu.

Wanaochunguza farasi wamefika huko huko kwa njia yao. Mwaka 1993 ulichapishwa uchunguzi wa farasi wa Camargue, Ufaransa: farasi anapokunwa pale chini ya shingo, mahali wanapokunana wenyewe, mapigo ya moyo wake hupungua. Uswisi, kwa kanuni zake za mwaka 2008, farasi sharti awe na mwenzake anayeweza kumwona, kumsikia na kumnusa. Huko tayari wameifanya sheria.

Ukiwa na farasi mmoja, au ukitaka kumkodi

Kwa wachache wenu wenye farasi, na kwa mabibi harusi mnaouliza bei:

Mwenza bora wa farasi ni farasi. Asipopatikana, punda. Mbuzi ni wa tatu. Anapunguza ukimya, lakini hawezi kumkuna shingo wala hawaelewani lugha. Kumbukeni punda naye anataka punda mwenzake, kwa hiyo ukipata wawili umefanya wema mara mbili.

Chakula kitengwe. Punda huhitaji kidogo kuliko farasi, na akishiba pumba za farasi kila siku hunenepa na kuumwa kwato.

Kioo ukutani kimejaribiwa Uingereza, na kilipunguza tabia ya kuyumba kwa farasi wanaofungiwa. Ni afueni. Hakimfukuzii inzi wala hakilindi usiku.

Mwenza akifa, mwache aliyebaki amnuse maiti kabla ya kuzikwa. Tena msimwache punda mpweke bila kumwangalia: akiacha kula kwa huzuni anaweza kufa, basi mwiteni daktari mapema.

Bibi harusi, ukikodi farasi, muulize mwenyewe: "Anaishi na nani?" Akikwambia yuko peke yake, mwambie kisa hiki. Spika ziwe mbali, na jua la saa saba msimtoe.

Siku ya nane

Sasa neno langu kwenu. Simfananishi mwanamke na farasi, msinigombe. Nasema tu kwamba Mwenyezi Mungu ametuita umma wao na sisi.

Wakati wa fungate bibi harusi haachwi. Somo yumo ndani, chakula kinaletwa, wageni wanapokezana, hana nafasi hata ya kusikia pumzi zake. Wazee wetu walijua walichokifanya. Lakini siku ya nane somo anafunga kanga zake, sufuria za watu zinarudishwa, mlango unafungwa. Hapo ndipo baadhi yetu tunapoanza kulala taa inawaka. Na ukisema, unaambiwa: una nyumba, una friji, mume hakupigi, unataka nini tena?

Mume mwema ni neema kubwa. Wangu ni mwema, Alhamdulillah. Lakini mume mmoja si umma. Hawezi kuwa shoga, jirani, dada na mama kwa wakati mmoja, hasa akiwa kazi yake ni bahari. Yule binti wa Abubakar, Bibi Aisha, Allah amridhie, alikuwa na wanasesere wake na mashoga wa kucheza nao hata ndani ya nyumba ya Mtume, na Mtume hakuwafukuza. Mashoga walipojificha kwa haya aliwarudisha kwake. Katika wanasesere wale alikuwamo farasi wa mbawa za kitambaa. Mtume alimuuliza farasi gani ana mbawa, naye akamjibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana. Nyumba ile ilikuwa na mapenzi ya mume, na ilikuwa na mashoga pia.

Kwa hiyo, binti unayeolewa, katika mambo unayoyauliza kabla ya nikaha ongeza hili: nitakaa na nani karibu? Darsa la wanawake liko siku gani? Nani ataniita akinikosa siku mbili? Si utovu wa adabu kuuliza. Mume naye akisafiri, kumtafutia mkewe njia ya watu ni katika matunzo, kama unga na mafuta.

Na sisi tuliokwisha kuolewa, tuhesabu siku. Akiolewa mtu mtaani kwako, siku saba mwache na somo wake. Siku ya nane piga hodi. Chukua hata mihogo miwili, kaa naye nusu saa, sukaneni nywele. Mimi wa kwanza kunipigia hodi alikuwa yule bibi aliyesema Johari ana jicho, na mpaka leo Jumatano zote tunakwenda darsa pamoja.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu nyumba za utulivu na majirani wa kheri, na atusamehe kila kiumbe tulichokishibisha tukakiacha peke yake. Amin.

Wiki ijayo, inshaAllah, gauni.